Kufanya kazi kwa matawi katika Git: mwongozo kamili, kuanzia kulianzisha tawi hadi kulifuta

Timu nyingi zinazijua amri zote za Git, mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, na bado zinahangaika. Kila wanapotaka kutoa toleo jipya, siku nzima inaishia kwenye migongano ya msimbo, na kazi ya mtu fulani inapotea bila yeyote kujua ilipotelea wapi. Mara nyingi chanzo ni kimoja, nacho ni matawi (njia za kazi zilizotengwa pembeni mwa msimbo mkuu) yaliyoachwa yakaishi muda mrefu mno. Tawi lililokaa wiki tatu bila kuunganishwa linatofautiana na tawi kuu kwa mambo ambayo hata mwenye tawi hayakumbuki tena.

Kwa hiyo mwongozo huu unasimamia jambo moja: tawi liwe fupi, libebe kazi moja, na liunganishwe mapema. Nachukulia kwamba Git tayari iko kwenye kompyuta yako, unajua kunakili ripozitori (hifadhi ya mradi pamoja na historia yake) kutoka kwenye seva, na umeshawahi kuandika komiti mbili tatu, yaani mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye historia hiyo.

## Tawi ni kitu gani hasa

Linus Torvalds alianza kuiandika Git mwezi Aprili 2005, baada ya wasanidi wa kiini cha Linux kukosa ruhusa ya kuendelea kutumia BitKeeper, mfumo waliokuwa wakitunzia msimbo wao, bila malipo. Kazi yao ilifanywa na watu waliotawanyika duniani kote, kila mmoja akiwa na mabadiliko yake, kwa hiyo kuanzisha tawi na kuunganisha kulipaswa kuwa kazi ya sekunde. Mifumo iliyotangulia haikuwa hivyo. Subversion, kwa mfano, ilikuja kuweka kumbukumbu ya nini kimeshaunganishwa katika toleo la 1.5, mwaka 2008, na kabla ya hapo mtu alilazimika kuikumbuka hesabu hiyo mwenyewe. Ndiyo maana watu waliozoea mifumo ya zamani wanayaogopa matawi.

Katika Git, tawi ni jina tu linaloelekeza kwenye komiti moja. Fungua terminali ndani ya ripozitori yako uone:

```
cat .git/refs/heads/main
7d1f0c9a52be8346e1a07b3cd94f5e62180ab7cd
```

Hilo ndilo tawi zima. Ni herufi na tarakimu 40 za kitambulisho cha komiti pamoja na alama ya mwisho wa mstari, jumla baiti 41. (Ukiambiwa faili halipo, Git imeyafungasha majina pamoja, tumia `git rev-parse main` upate jibu lile lile.) Ukiandika komiti mpya ukiwa kwenye tawi hilo, Git inaihifadhi komiti, kisha inabadilisha maandishi ya faili hilo yaelekeze kwenye komiti mpya.

Kuna mambo mawili ya kushika hapa. La kwanza, kuanzisha tawi hakunakili mafaili ya mradi, kwa hiyo usilionee tawi uchoyo. La pili, kufuta tawi kunaondoa jina. Komiti zenyewe zinabaki kwa muda kabla ya Git kufanya usafi. Jambo hili la pili litakuokoa huko mbele.

## Kubalianeni mtiririko kwanza

Kabla ya amri yoyote, timu ikubaliane matawi gani ni ya kudumu na yapi ni ya kupita.

Mwaka 2010 Vincent Driessen alieleza mtindo wenye matawi mawili ya kudumu, moja la matoleo yaliyotoka na jingine la maendeleo, pamoja na matawi ya vipengele, ya kuandaa toleo na ya dharura. Ulienea sana. Mwaka 2020 yeye mwenyewe aliongeza maelezo kwamba timu zinazopeleka mabadiliko kwenye wavuti mfululizo zingefaa kutumia mtindo mwepesi zaidi. Nakubaliana naye kabisa. Mtindo ule unafaa pale ambapo matoleo kadhaa ya programu yanatumika kwa wakati mmoja, kwa mfano programu ambayo wateja wanaisakinisha kwenye mashine zao na wengine bado wako kwenye toleo la mwaka jana.

Kama watumiaji wako wote wanatumia toleo moja tu, lile lililo kwenye seva, chukua mtindo huu: tawi moja la kudumu liitwalo `main`, na matawi mafupi yanayotoka humo na kurudi humo. Masharti yake ni machache. `main` iwe katika hali ya kuweza kuwekwa hewani saa yoyote. Hakuna anayesukuma moja kwa moja humo, hata kiongozi wa timu. Sharti hilo msiliache likategemea nidhamu ya watu, liwekeni kwenye seva kwa kulilinda tawi lenyewe. GitHub, GitLab na Bitbucket zote zinaruhusu hivyo. Mchana wenye haraka nidhamu husahaulika, seva haisahau.

## Maandalizi ya mara moja

```
git config --global init.defaultBranch main
git config --global pull.ff only
git config --global fetch.prune true
git config --global merge.conflictStyle zdiff3
git config --global rerere.enabled true
```

Mstari wa pili unaizuia Git kukuundia komiti za muunganiko usizoziomba unapovuta mabadiliko. Wa tatu unaondoa kwenye kompyuta yako kumbukumbu za matawi yaliyokwisha kufutwa kwenye seva. Wa nne utauona ukifanya kazi kwenye sehemu ya migongano. Unahitaji Git 2.35 au zaidi, na kama yako ni ya zamani andika `diff3`. Wa mwisho unaifanya Git ikumbuke ulivyotatua mgongano, ili ukijirudia itumie suluhisho lile lile.

## Kuanzisha tawi

Anza kila mara kutoka kwenye `main` iliyo mpya:

```
git switch main
git pull
git switch -c rekebisha-senti
```

Amri ya `git switch` iliingia katika toleo la 2.23, Agosti 2019. Kwenye mashine yenye Git ya zamani tumia `git checkout -b rekebisha-senti`.

Kosa la kawaida hapa ni kuanzisha tawi jipya ukiwa umesimama kwenye tawi la kazi ya jana. Komiti za jana zinaambatana nawe, na mhakiki anakuta mambo mawili yamechanganyika. Kama huna hakika, taja chanzo waziwazi: `git switch -c rekebisha-senti origin/main`, baada ya `git fetch`. Hapo `origin` ni jina la seva, na `origin/main` ni `main` ya seva.

Jina lieleze kazi. Wengi huweka kiambishi cha aina ya kazi na namba ya tiketi, kama `hitilafu/214-senti-za-ankara`. Mpangilio wowote unafaa ilimradi timu nzima iufuate. Majina kama `kazi-yangu` au `jaribio2` epukeni, kwa sababu baada ya siku chache hakuna anayejua kama ni salama kuyafuta.

## Kuandika komiti ndani ya tawi

Komiti moja ibebe badiliko moja linaloelezeka kwa sentensi moja. Ukijikuta unaandika «na pia» kwenye ujumbe, pengine una komiti mbili. Chombo cha kuzitenganisha ni:

```
git add -p
```

Git inakuonyesha mabadiliko kipande kwa kipande na kukuuliza kama kiingie. Jibu `y` kukubali, `n` kukataa, `s` kukigawa kipande zaidi. Ni mapitio ya kwanza ya msimbo wako, unayafanya mwenyewe, na hapo ndipo mistari ya majaribio uliyoisahau inapojitokeza.

Ujumbe useme kwa nini. Msimbo wenyewe unaonyesha nini kimebadilika, lakini hausemi sababu:

```
Kadiria jumla ya ankara hadi senti mbili

Hesabu za desimali zilikuwa zikiacha tarakimu
za ziada, na jumla ya ankara ikawa hailingani
na jumla ya risiti.
```

Mstari wa kwanza uwe mfupi, karibu herufi 50, kisha mstari mtupu, kisha maelezo. Mtu atakayeusoma mwaka kesho kwa `git blame`, amri inayoonyesha kila mstari umetoka komiti ipi, anaweza kuwa wewe mwenyewe.

Sukuma tawi kwenye seva siku hiyo hiyo, hata kama kazi haijakamilika:

```
git push -u origin rekebisha-senti
```

Kazi inakuwa na nakala nje ya kompyuta yako, na wenzako wanaona umegusa sehemu gani.

## Kuendana na tawi kuu

Wewe unapoandika, `main` inasonga. Kila asubuhi, kabla ya kuandika mstari mpya, ingiza yaliyotokea huko. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kuunganisha:

```
git fetch
git merge origin/main
```

Ya pili ni kuzihamisha komiti zako zikae juu ya `main` mpya:

```
git fetch
git rebase origin/main
```

Watu hubishana sana juu ya hizi mbili. Mimi naamua kwa swali moja tu: je, kuna mtu mwingine anayefanya kazi kwenye tawi hili? Kama ni langu peke yangu, nahamisha, kwa sababu historia inabaki mstari mmoja unaosomeka. Kama tuko wawili au zaidi, naunganisha. Kuhamisha kunaunda komiti mpya zenye vitambulisho vipya, na mwenzako aliyejenga juu ya zile za zamani atabaki na historia isiyolingana na yako.

Baada ya kuhamisha, seva itakataa kusukuma kwa kawaida. Tumia:

```
git push --force-with-lease
```

Usizoee `--force` tupu. Hiyo inafuta chochote kilicho kwenye tawi hilo la seva, hata komiti ambayo mwenzako ameisukuma dakika tano zilizopita. Yenye `--force-with-lease` inakataa pale inapokuta tawi la seva haliko ulivyoliona mara ya mwisho.

## Mgongano ukitokea

Mgongano ni Git kusema kwamba mahali hapa watu wawili wamebadilisha mistari ile ile, nayo haina mamlaka ya kuchagua. Tuangalie mmoja kwa karibu. Wewe uliongeza ukadiriaji wa senti. Wakati huo mwenzako aliongeza punguzo la bei, na kazi yake ikatangulia kuingia `main`. Ukiunganisha unakuta:

```
<<<<<<< HEAD
jumla = round(bei * idadi, 2)
||||||| 4e1c9d0
jumla = bei * idadi
=======
jumla = bei * idadi - punguzo
>>>>>>> origin/main
```

Sehemu ya juu ni yako. Ya chini ni ya `main`. Ya katikati, inayoletwa na ule mpangilio wa `zdiff3`, ni jinsi mstari ulivyokuwa kabla ya ninyi wawili kuugusa, na ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Linganisha katikati na juu: wewe umeongeza ukadiriaji. Linganisha katikati na chini: mwenzako ameongeza punguzo. Sasa unajua kila mmoja alitaka nini, na jibu linajileta:

```
jumla = round(bei * idadi - punguzo, 2)
```

Tazama kwamba jibu sahihi halipo upande wowote kati ya zile mbili. Anayebofya «kubali yangu» kwenye kihariri chake amelifuta punguzo, na Git haitamwonya kwa sababu amechagua mwenyewe. Kazi nyingi zinazopotea kimyakimya hupotea hapa. Kama huelewi mwenzako alikusudia nini, muulize kabla ya kuendelea.

Ukimaliza, ondoa alama zote, endesha majaribio, kisha:

```
git add ankara.py
git commit
```

Kama ulikuwa unahamisha kwa `rebase`, badala ya `git commit` andika `git rebase --continue`. Hapo kuna mtego mmoja: wakati wa kuhamisha pande hubadilishana. Sehemu ya juu inakuwa ya `main`, ya chini inakuwa yako, kwa sababu Git imesimama kwenye `main` na inazipachika komiti zako juu yake moja moja. Ukiona mambo yamekuzidi, `git merge --abort` au `git rebase --abort` inakurudisha ulipoanzia.

Kuna na aina nyingine ya mgongano ambayo Git haiioni kabisa. Mwenzako anabadilisha jina la fomula (function) katika faili moja, wewe unaiita kwa jina la zamani katika faili jipya. Hakuna mstari mliogusa wote wawili, muunganiko unapita salama, na programu inaanguka inapoendeshwa. Kinga ni majaribio ya kiotomatiki yanayoendeshwa kwenye matokeo ya muunganiko, si kwenye tawi peke yake. Hakikisheni seva yenu imepangwa hivyo.

## Ombi la kuunganisha na uhakiki

Fungua ombi la kuunganisha (pull request) mapema, likiwa na alama ya rasimu kama kazi bado. Katika maelezo yake andika tatizo lilikuwa nini, umelitatua kwa njia ipi, na mhakiki afanye nini ili ajionee mwenyewe.

Ukubwa ndio unaoamua ubora wa uhakiki. Mistari mia moja husomwa. Mistari elfu mbili hupitiwa kwa macho tu na kupewa kibali. Kama kazi ni kubwa, igawe. Tanguliza ombi la kupanga upya msimbo bila kubadilisha tabia ya programu, halafu lije la kipengele chenyewe.

Na kama kipengele hakiwezi kumalizika ndani ya siku mbili tatu? Hapa ndipo timu nyingi huanzisha tawi la mwezi mzima. Kuna njia iliyo bora: unganisha vipande vyake kwenye `main` kimoja kimoja, vikiwa vimefichwa nyuma ya swichi iliyo kwenye mipangilio.

```
if mipangilio.punguzo_jipya:
    jumla = hesabu_na_punguzo(ankara)
else:
    jumla = hesabu(ankara)
```

Watumiaji hawaoni kitu mpaka swichi iwashwe, na msimbo wako unaendelea kuishi pamoja na wa wenzako badala ya kuzeekea pembeni. Kipengele kikishatulia, swichi na ule upande wa zamani viondolewe kwa ombi lake lenyewe. Fungueni tiketi ya kuiondoa siku ile ile mnayoiweka.

## Kuunganisha na kusafisha

Seva hutoa njia tatu: komiti ya muunganiko inayohifadhi komiti zote za tawi, kuzikunja zote kuwa moja, au kuzihamisha juu ya `main`. Kwa matawi mafupi napendelea kukunja. Kila ombi linakuwa komiti moja kwenye `main`, na kulitengua ni amri moja. Kama mmeandika komiti kwa uangalifu na kila moja inajitegemea, zihifadhini. `git bisect` itawashukuru siku mnapotafuta ni komiti ipi iliyoleta hitilafu.

Tawi lifutwe mara tu linapoingia:

```
git switch main
git pull
git branch -d rekebisha-senti
git push origin --delete rekebisha-senti
```

Kama seva imelifuta yenyewe, mstari wa mwisho hauhitajiki. Herufi `-d` ndogo inakataa kufuta tawi ambalo Git inaona halijaunganishwa. Mliokunja komiti mnaweza kukutana na kukataliwa huko ingawa kazi imeingia, kwa sababu iliyoingia `main` ni komiti mpya, si zile za tawi. Thibitisha kwenye seva kwamba ombi limeunganishwa, kisha tumia `-D`.

## Matoleo na dharura

Toleo linapotoka, lipe lebo: `git tag -a v2.3.0 -m "Toleo la 2.3.0"`, kisha `git push origin v2.3.0`. Lebo, tofauti na tawi, haisogei.

Hitilafu kubwa ikionekana kwa watumiaji na `main` imeshasonga, usijaribu kuusukuma msimbo mpya wote kwa haraka. Sahihisha kwenye `main` kwanza kwa utaratibu wa kawaida, halafu chukua komiti hiyo moja uipeleke kwenye tawi linalotoka kwenye lebo:

```
git switch -c dharura-2.3.1 v2.3.0
git cherry-pick -x KITAMBULISHO
```

Herufi `-x` inaandika ndani ya ujumbe kwamba komiti imetoka wapi. Kuanzia kwenye `main` kuna sababu: ukianza na tawi la dharura ukasahau kurudisha sahihisho, hitilafu itarudi katika toleo linalofuata.

## Mambo yakiharibika

Umeandika komiti kwenye `main` ya kompyuta yako badala ya tawi. Hakuna kilichopotea:

```
git switch -c jina-la-tawi
git branch -f main origin/main
```

Tawi jipya linazishika komiti, na `main` inarudishwa ilipo ya seva.

Umefuta tawi lenye kazi. Andika `git reflog`, tafuta mstari wa komiti ya mwisho uliyoikumbuka, kisha `git branch jina-la-tawi KITAMBULISHO`. Kwa mpangilio wa kawaida, Git hutunza kumbukumbu za komiti zisizofikiwa na tawi lolote kwa siku 30. Kile ambacho hakikuwahi kuwa komiti wala kupita `git add`, Git haikijui.

Muunganiko umeingia `main` na umevunja kitu. Kama mlikunja, `git revert KITAMBULISHO` inatosha. Kama ni komiti ya muunganiko, Git itakataa mpaka uitajie upande upi ni wa kubaki nao:

```
git revert -m 1 KITAMBULISHO
```

Namba 1 ni upande wa `main`. Kuweni waangalifu na kinachofuata. Mkirekebisha tawi lile lile na kuliunganisha tena, mabadiliko ya awali hayatarudi, kwa kuwa historia inaonyesha yameshaingia; zitaingia komiti mpya tu, na programu itakuwa na nusu ya kipengele. Kwanza tengueni lile tenguo kwa `git revert` juu ya komiti yake, ndipo muunganishe marekebisho.